Kuhesabu majawabu ya mlinganyo kwa migawanyo ya namba

Mlinganyo a + 2b + 3c = 6 una majawabu mangapi katika namba kamili? Tukiruhusu namba hasi, hayana mwisho: ongeza b kwa 1, punguza a kwa 2, na jumla inabaki 6 daima. Swali linanoga tunapodai kwamba a, b na c ziwe sifuri au zaidi. Hapo majawabu yana idadi, na nadharia ya migawanyo ndiyo inayotupatia.

Mgawanyo wa namba ni kuiandika kama jumla ya namba kamili chanya bila kujali ipi imetangulia. 3 + 2 + 1 na 1 + 3 + 2 ni mgawanyo uleule. Katika mlinganyo wetu, a inataja ni 1 ngapi zimetumika kuijenga 6, b ni 2 ngapi, c ni 3 ngapi. Basi kila jawabu ni mgawanyo wa 6 ambao vipande vyake havizidi 3, na kila mgawanyo wa namna hiyo ni jawabu. Ipo saba: 3+3, 3+2+1, 3+1+1+1, 2+2+2, 2+2+1+1, 2+1+1+1+1, na 1 sita.

Tusiichanganye na p + q + r = 6. Huo una majawabu 28, kwa sababu p = 4, q = 2, r = 0 si sawa na p = 2, q = 4, r = 0. Pale mpangilio unahesabiwa.

Kuorodhesha kunawezekana kwa 6, ila kwa 100 ni adhabu. Afadhali kuongeza vipande kimoja kimoja. Kwa 1 peke yake, kila namba ina mgawanyo mmoja. Ukiruhusu na 2, idadi ni nusu ya namba (sehemu ikitupwa) kujumlisha 1: 6 inapata 4, 3 inapata 2, na 0 inapata 1, maana kutotumia kitu chochote nako ni njia moja. Kisha ingiza 3. Usipoitumia, inabaki 6 ya kujengwa kwa 1 na 2. Ukiitumia mara moja, inabaki 3. Mara mbili, inabaki 0. Jumla ni 4 + 2 + 1 = 7.

Leonhard Euler, katika kitabu alichochapisha mwaka 1748, aliyabeba yote haya kwa kuzidisha:

(1 + x + x² + …)(1 + x² + x⁴ + …)(1 + x³ + x⁶ + …)

Usitafute thamani ya x. Hapa ni kigingi tu cha kutundikia vipeo. Mabano ya kwanza yanachangia 1, ya pili 2, ya tatu 3. Vipeo hujumlishwa tunapozidisha, hivyo x⁶ hutokea mara moja kwa kila jawabu, na namba inayokaa mbele yake ni 7. Kwa vipande hivi vitatu ipo hata kanuni fupi ya kupendeza: chukua (n + 3)²/12, kisha kadiria kwa namba kamili iliyo karibu zaidi. Kwa 6 ni 6.75, yaani 7. Kwa 100 tunapata 884.

Kipande cha 1 kikikosekana, majawabu yanaweza kukosekana pia. Mlinganyo 4a + 6b = n hauna jawabu n ikiwa witiri. Nao 5a + 7b = n unakwama kwa 23, lakini kila namba iliyo juu ya 23 ina jawabu. Kwa namba mbili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, namba ya mwisho kukwama ni zao lake toa jumla yake: 35 − 12. Zikiwa tatu, hakuna kanuni nyepesi kama hiyo.

Tukiruhusu vipande vyote, a + 2b + 3c + 4d na kuendelea hadi n, tunahesabu migawanyo yote ya n. 5 inayo 7, 10 inayo 42, na 100 inayo 190,569,292. G. H. Hardy na Srinivasa Ramanujan walitoa kanuni ya kukadiria idadi hii mwaka 1918. Hans Rademacher alipata mfululizo unaoitoa kamili mwaka 1937.