Je, wajua kwa nini neno likihama tu sehemu kwenye Kiingereza, maana nzima inageuka?

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari sentensi ya Kiingereza inanogeshwaje, atakwambia ongeza vivumishi. Weka beautiful, weka big, tupia very mara mbili, malizia na kielezi chenye -ly mwishoni, insha imeiva. Hii imani imesambaa sana, mpaka kuna watu wanakariri orodha ndefu za vivumishi usiku wa kuamkia mtihani, na bado sentensi zao zinagoma kueleweka. Maneno wanayo ya kutosha, tena mengine mazuri kabisa. Shida iko kwenye mahali wanapoyaweka.

Chukua sentensi fupi kabisa: The woman sold fish. Mama aliuza samaki, basi. Sasa ongeza kirai kimoja, yaani kifungu kidogo cha maneno, kinachoanza na kihusishi (maneno kama from, on au in), from Bagamoyo, halafu kihamishe uone kinachotokea. Ukiandika The woman from Bagamoyo sold fish, wa Bagamoyo ni mama, samaki wanaweza kuwa wametoka Mafia au popote pale. Ukiandika The woman sold fish from Bagamoyo, sasa samaki ndo wa Bagamoyo na mama hatujui kwao wapi. Ukikipeleka mwanzo kabisa, From Bagamoyo, the woman sold fish, msomaji anaanza kuhisi mama yupo Bagamoyo na wateja wako mbali, labda anauza kwa simu. Maneno ni yaleyale, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa, ila habari zimekuwa tatu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linaonekana vizuri ukianzia kwenye Kiswahili chenyewe. Tunasema kitabu cha mwanafunzi mpya, na tunasema kitabu cha mwanafunzi kipya. Kivumishi kimekaa palepale mwishoni, lakini hakuna anayechanganyikiwa, ule m- unakwambia mpya ni mwanafunzi, ule ki- unakwambia kipya ni kitabu.

Fikiria mizigo kwenye basi la mkoani. Kila begi likiwa na karatasi yenye jina la mwenyewe, konda analitupa popote, liwe kwenye buti au chini ya siti ya nyuma, na mkifika kila mtu anapewa la kwake. Kiswahili kinasafirisha maneno namna hiyo, vile viambishi vya ngeli ndo karatasi zenye majina. Sasa fikiria basi ambalo mabegi hayana jina hata moja. Hapo konda ana njia moja tu ya kujua begi ni la nani, anaangalia limekaa karibu na nani, kwa hiyo ukilisogeza siti mbili mbele tayari anamkabidhi mtu mwingine, na wala hajakosea, amefuata utaratibu. Hilo ndo basi la Kiingereza. Neno new halina chochote mwilini mwake kinachosema mimi ni wa fulani, linabaki new kwa kitabu, new kwa mwanafunzi, new kwa vitabu mia. Kwa hiyo linalazimika kukaa ubavuni kwa mwenyewe: the new student's book, wengi wataelewa mgeni ni mwanafunzi, the student's new book, kipya ni kitabu.

Ila tusiipe lugha yetu sifa zote. Ukisema mtoto wa mwalimu mrefu, nani mrefu? Mtoto na mwalimu wote wako ngeli moja, karatasi mbili zina jina lilelile, na hapo hata sisi tunarudi kwenye kukisia kwa ukaribu au tunaipanga sentensi upya.

Na Kiingereza hakikuzaliwa hivi. Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na alama zake. Neno gōd, babu wa good ya leo, lilikuwa linabadilika mwisho: likimsifu mtendwa wa kiume mmoja linakuwa gōdne, kwenye nafasi nyingine gōdum, na kadhalika. Miisho hiyo ilianza kulegea mapema na kufikia miaka ya 1500 ilikuwa imekwisha karibu yote. Sababu bado zinabishaniwa, wapo wanaosema mkazo wa neno ulikaa mwanzoni kwa hiyo silabi za mwisho zikamezwa, wapo wanaoongezea kuchanganyikana na wasemaji wa lugha za Skandinavia, na huenda yote mawili yalichangia. Kinachoonekana wazi ni matokeo: jinsi alama zilivyopotea, ndivyo mpangilio wa maneno ulivyozidi kubeba kazi.

Vihusishi ndo vinasumbua zaidi. The policeman chased the thief on a motorbike. Pikipiki ni ya nani? Askari yuko juu ya pikipiki anamfukuza mwizi, au mwizi ndo amepanda na askari anakimbia kwa miguu? Sentensi inakubali zote mbili, kwa sababu kirai cha mwisho kinaweza kushikamana na kitendo (alifukuza kwa pikipiki) au na jina lililo jirani (mwizi aliyepanda pikipiki). Sisi tungelazimika kuchagua mapema, kwa pikipiki ni habari moja na aliyekuwa kwenye pikipiki ni nyingine. Watu wanaotengeneza programu za kutafsiri wanalijua tatizo hili miaka mingi, mashine inatakiwa iamue jambo ambalo sentensi yenyewe haijaamua. Mwandishi akitaka kuwa salama anasogeza tu: On a motorbike, the policeman chased the thief. Sasa mwizi hana pikipiki.

Vielezi navyo vina imani yao potofu, kwamba kielezi ni neno lenye -ly. Friendly, lovely, lonely na ugly zote zina -ly na zote ni vivumishi, wakati fast na well ni vielezi bila -ly yoyote. Hatari kubwa iko kwa hard. He works hard ni sifa, anachapa kazi kwelikweli. Mtu akiongeza -ly akidhani anainogesha, akaandika He hardly works, amesema jamaa ni kama hafanyi kazi. Barua ya kumwombea mtu ajira inaweza kumharibia kwa herufi mbili.

Nafasi nayo inafanya yake. He answered the question foolishly, jibu lenyewe lilikuwa la kijinga. He foolishly answered the question, hapa huenda jibu lilikuwa sahihi kabisa, ujinga ni kule kukubali kujibu, labda alikuwa mbele ya polisi na angenyamaza tu. Halafu kuna ile She speaks well English inayotutoka kirahisi kwa sababu anaongea vizuri Kiingereza haitukwazi masikio. Kiingereza hakipendi kitu kikae katikati ya kitendo na mtendwa wake, ni She speaks English well.

Vivumishi vikiwa vingi vina foleni yao. Ndoo ni a big red plastic bucket, ukisema a plastic red big bucket utaeleweka lakini sikio la mzawa litashtuka. Foleni kwa kawaida inaanza na maoni, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kilichotengenezea, mwisho kabisa matumizi. Wazawa wengi hawajawahi kuikariri, wanakua nayo tu, ni wageni wanaofundishwa kwa jedwali. Mwaka 2017 watafiti Gregory Scontras, Judith Degen na Noah Goodman walionyesha kwamba sifa ambayo watu wanaweza kubishania inakaa mbali na nomino, na ile isiyo na ubishi inakaa karibu. Ukiangalia ndoo inaingia akilini: plastiki hakuna wa kubisha, nyekundu wachache, kubwa kila mtu ana kipimo chake, na ukiweka nice mbele hapo kila mtu ana maoni yake. Ila kwa nini akili zetu zipange hivyo, huo mjadala unaendelea.

Foleni yenyewe inavunjika pia. Mbwa mwitu wa hadithi za watoto anaitwa the big bad wolf, wakati bad ni maoni na ingetakiwa itangulie. Wapo wanaosema ni mlio, Kiingereza kinapenda i itangulie a kama kwenye tick-tock inavyotangulia o, maelezo yanayovutia japo ushahidi wake kwa mfano huu mmoja ni mwembamba. Na kama mbele yako kuna ndoo mbili kubwa, moja nyekundu na moja ya bluu, mzawa anaweza kabisa kusema the red big bucket, akikaza sauti kwenye red, maana hapo ukubwa hautenganishi kitu na rangi ndo inayoonyesha anataka ipi.