Jiggery-pokery: hila inayotajwa kwa kicheko

Katika kutafsiri maandishi ya sheria na siasa, maneno yanayonichelewesha si yale mazito ya Kilatini, ambayo kamusi zimekwisha kuyafafanua, bali yale mepesi yanayosikika kama mchezo wa watoto. Mojawapo ni "jiggery-pokery", neno linalotumika zaidi Uingereza, lenye maana ya hila inayofanywa kwa kuchezacheza na mambo mpaka anayetazama asielewe kilichofanyika.

Asili yake ni Scotland, ambako watu walisema "joukery-pawkery": sehemu ya kwanza inatokana na kitenzi cha kuinama au kupinda ili kukwepa, na ya pili inatokana na neno la hila. Waingereza walilizoea mwishoni mwa karne ya 19, likiwa limekwisha kubadilika matamshi. Kwa hiyo anayelichambua leo akaona humo ngoma ("jig") na kuchokonoa ("poke") anadanganywa na sikio lake, ingawa nakiri kwamba udanganyifu huo unalifaa sana neno lenyewe.

Mfano ninaoupenda umetoka Marekani. Tarehe 25 Juni 2015 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya King dhidi ya Burwell. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ilitoa nafuu ya kodi kwa walionunua bima kupitia soko "lililoanzishwa na jimbo", lakini majimbo mengi hayakuanzisha masoko hayo, ikabidi serikali kuu iyaanzishe kwa niaba yao. Majaji 6 kati ya 9, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, waliona kwamba nafuu inawahusu wanunuzi wa majimbo yote. Jaji Antonin Scalia alipinga, na hatua mojawapo ya hoja za wenzake akaiita "jiggery-pokery" ya kufasiri.

Kwa nini hakusema ulaghai? Anayemwita mwenzake mlaghai anadaiwa ushahidi wa nia mbaya, na kati ya majaji wanaoketi pamoja shutuma hiyo ingekuwa nzito mno. "Jiggery-pokery" haidai ushahidi wa nia: humwambia mtu kwamba mikono yake imeonekana ikipapasa mahali isipotakiwa, kisha humwacha ajieleze huku wasikilizaji wakicheka. Kwa maoni yangu, kicheko hicho ndicho sehemu kali zaidi ya neno, maana tuhuma rasmi hujibiwa kwa hoja, lakini aliyechekwa hana pa kuanzia. Kisarufi pia neno halihesabiki. Hakuna hila moja wala mbili, bali kuna tu kitu fulani kinaendelea, na msemaji halazimiki kukitaja.

Kwa Kiswahili, "udanganyifu" hautoshi, kwani ni neno la hati ya mashtaka. "Figisufigisu" lina mlio unaofaa, lakini katika matumizi yetu figisu hufanyiwa mtu, timu au mgombea ili akwame, na katika hukumu ile waliochezewa, kwa mtazamo wa Scalia, ni maneno ya sheria. Hapo nimechagua "kiinimacho", kwa sababu analalamika kwamba palipoandikwa jimbo wenzake wameona na serikali kuu. Katika mazungumzo ya kawaida natumia "ujanjaujanja": mjanja anaweza kusifiwa, lakini sijasikia mtu akisifiwa kwa ujanjaujanja.

Inabaki maana isiyo na ubaya wowote, kwani Waingereza hulitumia pia kwa marekebisho ya kiufundi yanayotatanisha, kama vile kuunganisha nyaya kwa namna ambayo mwenye nyumba haielewi. Hapo naandika tu kwamba fundi aliungaunga nyaya mpaka taa ikawaka, na ujanja siutaji kabisa, maana hakuna aliyelaghaiwa.