Baraza la Kata Halihukumu Tena Kesi za Ardhi: Wajumbe Tujifunze Kusuluhisha

Katika kampeni ya msaada wa kisheria hapa Tanga, wengi wanatujia na karatasi ya baraza la kata iliyoandikwa "mlalamikaji ameshinda", wakitaka tuwasaidie kukazia hukumu. Hatuwezi. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, baraza la kata halina mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha tu. Tumeshalisema sana, na bado washindi wanatangazwa.

Utaratibu ni huu. Kikao cha usuluhishi kinakuwa na wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke. Wakili haruhusiwi kusimama humo kama wakili wa mtu. Suluhu isipopatikana, baraza linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo mwenye dai aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu shauri lifunguliwe bila suluhu, anaweza kwenda huko hata bila hati. Kwa hiyo mjumbe anayekalia hati hamzuii mtu, anamchelewesha tu. Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka, kwa kawaida, hati ya baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Na shauri la madai likipelekwa kwa msuluhishi wa mahakama, asiyefika bila sababu ya msingi anaweza kufutiwa shauri akiwa mdai, kuondolewa utetezi akiwa mdaiwa, au kulipishwa gharama.

Ubakaji na ulawiti havisuluhishwi barazani wala sebuleni. Ni polisi.

Kusuluhisha ni ufundi, na umri peke yake hauutoi. Nimeona karatasi ya ndugu wawili wa Muheza waliogombania mpaka wa shamba la michungwa. Wazee waliwakalia mchana kutwa, wakaandika: "Wamekubaliana mpaka ubaki ulipokuwa." Lakini ulipokuwa ndipo hasa walipogombania! Baada ya wiki mbili wakashikana tena.

Tulipomsikiliza kila mmoja peke yake, kaka hakuanza na ardhi. Alisema mdogo wake alipanda miche mipya siku chache baada ya arobaini ya baba yao, bila kumwarifu. Hilo hakulitamka mbele ya watu, na hakuna aliyemuuliza. Mdogo alipoomba radhi, kupima kulichukua nusu saa. Karatasi ya pili ikasema: kutoka mwembe wa kisimani hadi kwenye minyaa ya barabarani, mstari ulionyooka; miche mitano iliyovuka ihamishwe kabla ya masika, na mdogo ndiye wa kuihamisha. Wakatia saini wote wawili, na mashahidi wao.

Mjumbe anayetaka kujifunza aje na karatasi mbili tatu za mapatano yaliyovunjika katani kwake. Tutaanzia hapo.