Usinunue Sensa ya Oksijeni Kabla ya Kupima

Mashine ya kupima gari ikisoma kodi (namba ya hitilafu) P0171, wenye magari wengi hapa Tabora huambiwa papo hapo: "Sensa ya oksijeni imekufa," yaani kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa egzosi. Inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, inafungwa, na baada ya siku chache taa ya injini inawaka tena. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari inatuuma, maana kodi hiyo haisemi sensa ni mbovu. Inasema mchanganyiko wa injini una hewa nyingi mno au mafuta machache mno. Sensa ni shahidi tu, na mara nyingi shahidi mkweli.

Anzia kwenye mpira wa hewa uliopasuka, gasketi inayovuja ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), au pampu ya mafuta iliyochoka. Kisha angalia egzosi. Gari linalokwenda Sikonge au Uyui vijijini kwenye mashimo hulegea maungio. Bomba likivuja kabla ya sensa, hewa ya nje hupenya ndani na sensa huisoma. Washa injini ikiwa baridi, usikilize mlio wa tik-tik unaopungua bomba likipata moto, na utafute masizi meusi kwenye maungio. Hata plagi isiyochoma vizuri hupitisha oksijeni isiyotumika.

P0135 ni habari nyingine: hiyo inahusu hita inayopasha sensa moto, maana sensa huhitaji joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi ndipo ifanye kazi. Kagua fyuzi na soketi kwanza. Kisha chomoa soketi, upime kwa multimita ukinzani (omu) wa nyaya mbili za hita, upande wa sensa. Isiposoma chochote, hita imekatika; hapo nunua.

Sensa ya kawaida iliyo mbele ya masega (kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi), injini ikiwa moto, hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Kanyaga mafuta ghafla, ipande; achia, ishuke. Ikifuata mguu wako, ni nzima. Ya nyuma ya masega hutakiwa kutulia, kwa hiyo asikwambie mtu imekufa kwa sababu haichezi. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyofuata volti hizi. Hiyo isomwe kwa mashine, ikionyesha data ya papo hapo injini ikiwa inawaka.

Ukilazimika kufunga mpya, mwambie fundi asipake gundi ya silikoni ya kawaida kwenye gasketi za injini. Mvuke wake huharibu sensa. Zipo gundi zilizoandikwa kuwa ni salama kwa sensa.