"Ametulia" si habari njema

Jana kwenye raundi nimeambiwa tena: "Bibi wa kitanda cha saba alisumbua sana juzi usiku, ila leo ametulia." Nimelichoka neno hilo. Mgonjwa aliyekuwa anaweweseka akinyamaza ghafla, siwezi kujua kwa kumwangalia tu kama amepona au anazama.

Nikamwendea. "Shikamoo bibi." Akafumbua macho, akasema "marahaba", akayafumba. Kwa mpita njia, huyo ni bikizee mstaarabu aliyechoka. Lakini vidole vilikuwa kazini juu ya shuka: vinaokota kitu, vinakiweka pembeni, vinaokota kingine. Binti yake, waliyevuka naye kutoka Ukerewe, akaninong'oneza, "Daktari, anachambua dagaa." Ilikuwa siku ya tatu tangu apasuliwe nyonga.

Nikamwomba anitajie siku za wiki kinyumenyume. "Jumapili, Jumamosi..." Akatazama dirishani, akaanza upya, akakwama palepale. Nikamuuliza binti swali ninaloliamini kuliko kipimo chochote: huyu ndiye mama yako wa wiki iliyopita? Machozi yakamlengalenga. "Wiki iliyopita alikuwa anakumbuka kila aliyemkopa dagaa, na ndoo ngapi."

Basi, hiyo ni deliriamu, akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya tatizo mwilini. Inaanza ndani ya saa au siku chache, inapanda na kushuka, na mtu hawezi kushikilia wazo moja. Msiniambie ni uzee, maana uzee hauingii kwa siku mbili. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau wa miaka mingi, akibadilika tangu juzi kuna kilichombadilisha. Wazimu nao hauna kawaida ya kumwanza mtu wa miaka 75 akiwa wodini. Na "malaria imepanda kichwani"? Pima, tunaishi kando ya ziwa. Ila huku mtu anaweza kuwa na vimelea bila kuumwa navyo, na kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya dawa. Jibu chanya lisikufanye uache kutafuta homa ya uti wa mgongo.

Wanaonyamaza ndio wanaonikosesha usingizi. Anayepiga kelele na kung'oa dripu huitiwa daktari usiku huohuo, kwa sababu anatusumbua sisi. Aliyenyamaza hali chakula, na uji akinyweshwa unaingia njia ya hewa. Hageuki, mgongo unachubuka. Haombi maji wala hasemi anaumwa. Kwenye faili tunaandika "amelala vizuri", siku mbili zinapita, na tukishtuka nimonia imeshakomaa. Kuna ndugu walioniambia tangu asubuhi kwamba baba yao "si yeye", nikawajibu ni uchovu wa safari. Sikuwasikiliza, na sijasahau.

Nikiri pia kwamba vipimo vyetu vya deliriamu vina kasoro. Kile kinachotumika sana kinataka mgonjwa ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Kwa Kiswahili wengi husema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Hapo mzee anahesabu namba tu, kazi nyepesi kuliko waliyoikusudia watunzi. Ndiyo maana natumia siku, ingawa nazo zina tatu, nne na tano ndani yake. Na kwa bibi anayeongea Kisukuma au Kikerewe, akishindwa kwa Kiswahili sijui nimepima umakini au lugha. Namwomba ndugu aulize.

Kutafuta chanzo ni kazi ya dakika chache: sukari kwanza, oksijeni, joto, maumivu, kibofu, choo, kisha chati ya dawa mstari kwa mstari. Mvuvi wa visiwani anayeanza kutetemeka na kuona vitu siku ya pili au ya tatu wodini, uliza pombe: huenda mwili umeizoea na sasa umeikosa ghafla. Huyo anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, na thiamini (vitamini B1) kabla ya glukosi, yaani sukari ya dripu. Wengine wengi diazepamu inawazidishia.

Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, je? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2018, kwa wagonjwa mahututi, haukuona ikifupisha deliriamu. Bado naitoa, dozi ndogo, kwa anayeng'oa mirija huku amejawa na hofu, na kila mara najiuliza namtibu yeye au wodi. Kumfunga mikono kwa bandeji sikubali. Ndugu mmoja abaki naye hata muda wa kutazama wagonjwa ukiisha, amvalishe miwani, amwambie yuko wapi. Usiku taa zizimwe. Wakitaka kumwombea, wamwombee hapo kitandani, mradi wasimtoe wodini.

Kwenye chati ya bibi nilikuta promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, usiku mbili mfululizo, "apate usingizi". Dawa hiyo huvuruga akili za wazee na hufunga mkojo. Nikagusa chini ya kitovu: pamejaa, pagumu kama mpira. Katheta, mrija wa kutolea mkojo, ikatoa mililita 900. Tukaifuta dawa.

Jioni alikunywa uji akiwa ameketi. Usiku akachanganyikiwa tena kidogo, kama nilivyomtahadharisha binti, nikamwambia pia kwamba wengine huchukua wiki na wengine hawarudi kikamilifu. Leo asubuhi amefika Jumatano, akaacha kuhesabu makusudi na kumuuliza binti yake nani anaanua dagaa wake, maana huko nje mvua inakuja.