Amplifaya ndogo za hedifoni kutoka karakana ndogo: yanayosemwa na yalivyo

Amplifaya ya mfukoni hukaa kati ya simu na hedifoni na kuongeza nguvu ambayo simu haina. Zipo za kampuni kubwa kama FiiO ya Guangzhou, ila ufundi wenyewe ulikuzwa sana na watu wa karakana ndogo. Mchoro wa saketi wa Chu Moy, ule wa betri moja ya volti 9 na mara nyingi IC (kijisaketi kizima ndani ya kipande kimoja) ya OPA2134, watu waliujenga ndani ya makopo ya peremende za Altoids. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy akatoa mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, nazo karakana kama JDS Labs ya Illinois, Marekani, zikaitengeneza na kuiuza. Kwa kuwa nyuma ya kifaa kuna fundi mmoja au wawili, wanunuzi wamegawanyika: wapo wanaoapa kwamba kitadumu hadi wajukuu, na wapo wanaodai kitakufa kabla ya Krismasi. Wote wanatazama pasipo penyewe.

Dhana: Kilichotengenezwa kwa mkono hudumu kuliko cha kiwandani.

Mkono hauongezi wala haupunguzi uhai wa IC. Kinachokufa kwenye vifaa hivi ni vile vinavyoguswa, yaani tundu la hedifoni, volyumu, swichi na tundu la chaji, pamoja na betri. Watu huogopa kapasita, vile vipuri vya kutunza chaji, bure. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha yake takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 joto linaposhuka. Ndani ya kisanduku chenye nyuzi 45 hesabu inafika saa 128,000. Mwenye kifaa atakuwa ameshakichoka.

Tundu la hedifoni ndilo la kuchunguza. Pini ikiwa imechomekwa na kifaa kikasukumwa mfukoni, pini inageuka mtaimbo. Tundu lisipofungwa kwa nati kwenye uso wa kisanduku, uzito wote unabebwa na vijiguu vinne au vitano vya lehemu kwenye bodi. Lehemu inapasuka duara dogo kuzunguka mguu, ufa ambao huuoni bila kioo cha kukuzia. Dalili yake haina mfano: upande mmoja unapotea, ukizungusha pini kidogo unarudi. Kabla ya kununua, tazama picha ya mbele ya kifaa. Nati inayoonekana kwenye tundu ina thamani kuliko rangi ya kisanduku.

Kurekebisha si kazi kubwa. Fungua skrubu na chomoa betri kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu kingine. Nyonya lehemu ya zamani kwa utambi wa shaba, kisha weka mpya ya 60/40 (bati 60, risasi 40) ya unene wa milimita 0.5 hadi 0.8, pasi ya kulehemu ikiwa nyuzi kama 350, na usikae kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde tatu. Wanaokaa sana ndio wanaong'oa njia ya shaba kwenye bodi. Ikishang'oka, fuata njia hiyo hadi kipuri kinachofuata na uunganishe kwa waya mwembamba.

Tundu la chaji lina hadithi hiyohiyo. Kanuni za USB zinataka mini ivumilie kuchomekwa mara 5,000 na micro mara 10,000, na wauzaji hupenda kuzitaja. Namba hizo zinahusu mguso wa ndani. Kuhusu lehemu inayolishikilia tundu lisivunjwe na kebo iliyopinda, hazisemi kitu.

Dhana: Volyumu ikikwaruza, ipulizie WD-40.

Ile ya kopo la bluu ya kawaida huosha grisi ya volyumu na kuacha mafuta yanayonasa vumbi. Wiki mbili tamu, halafu hali mbaya kuliko mwanzo. Tumia dawa ya kusafishia viungio vya umeme iliyotengenezwa kwa ajili ya volyumu. Zima, toa betri, puliza tone dogo kwenye upenyo, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30, acha ikauke. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi, kazi hii itakuja mapema kuliko Arusha.

Kama volyumu mpya nayo inakwaruza, tatizo si uchafu. Kuna umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja kama wa betri, unaopita ndani yake, ama kutoka kwenye chombo cha kuchezea muziki ama kutoka kwenye IC. Kapasita ya mlango wa kuingilia ndiyo ya kuangaliwa.

Halafu kuna lalamiko linalowachosha mafundi: sikio moja kusikia kabla ya jingine volyumu ikiwa chini kabisa. Hilo si ubovu. Njia mbili za kaboni ndani ya volyumu ndogo hazilingani sawasawa mwanzoni mwa mzunguko. Punguza ukuzaji, kwenye O2 kwa mfano toka mara 6.5 kwenda mara 2.5, ili upandishe volyumu hadi mahali ambapo pande mbili zinalingana. Kurudisha kifaa kwa sababu hii ni kulipa nauli bure.

Dhana: Betri ikifa, kifaa kimekufa.

Betri ya lithiamu ni spea kama tairi. Baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya chaji hushuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake, na joto pamoja na chaji iliyojaa huiharakisha. Kifaa kilichoachwa kwenye chaja muda wote, ndani ya gari lililoegeshwa juani, kinapata adhabu zote mbili. Ukikiweka bila kutumia, kiache na chaji nusu na ukiamshe kila miezi mitatu. Betri iliyovimba haitobolewi, haibonyezwi, haichajiwi tena.

Kupata mbadala, soma namba iliyochapwa kwenye betri. 503450 maana yake ni unene wa milimita 5.0, upana 34, urefu 50. Ukipata yenye vipimo hivyo, ya volti 3.7 na yenye bodi ndogo ya ulinzi, inaingia. Mtego uko kwenye kiunganishi. Viunganishi vyeupe vya nyaya mbili vinafanana, lakini viwanda havikukubaliana upande upi uwe chanya. Pima kwa mita ya zamani na mpya kabla ya kuchomeka. Waya mwekundu si ushahidi. Kukiwa na waya wa tatu, huo mara nyingi ni wa kipima joto, na betri isiyo nao huenda chaja ikaikataa.

O2 ni nyingine. Inatumia betri mbili za volti 9 za kuchajiwa, na adapta yake inatoa AC (umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani), si DC. Ukichomeka adapta ya DC, upande mmoja wa umeme, chanya au hasi, haupatikani. Na ukiweka betri za kawaida zisizochajika halafu ukachomeka adapta, saketi itazichaji hivyohivyo hadi zivuje. Betri zote mbili ziwe aina moja na umri mmoja.

Dhana: Kopo ni kopo tu.

Kwenye amplifaya za kopo, ardhi ya sauti, yaani sifuri ambayo sauti inapimwa kutoka kwake, iko katikati ya betri, wala si kwenye hasi yake. Ganda la tundu la adapta likigusa bati, na ganda la tundu la hedifoni nalo likigusa bati, nusu ya umeme imepigwa shoti. Amplifaya inakoroma au inanyamaza, na mwenyewe anaandika kwamba IC imeungua. Haijaungua. Tundu la adapta linatakiwa kuwa la plastiki au kutengwa na bati kwa washa ya nailoni.

Dhana: Adapta yoyote inayoingia inafaa.

Hii inaua vifaa vizima. Kwenye tundu la balansi, la milimita 2.5 au 4.4, kila upande wa hedifoni unaendeshwa na amplifaya mbili, hakuna ardhi ya pamoja. Adapta ya kuleta hedifoni ya kawaida ya nyaya tatu huunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia, yaani amplifaya mbili zinapigana shoti. Zisizo na ulinzi huungua, na fundi akiona IC za matokeo zimeungua pande zote mbili hajifanyi hajui. Kinyume chake ni salama: hedifoni ya kebo ya balansi kwenda tundu la kawaida haina neno.

Dhana: Kubadilisha IC ni kama kubadilisha balbu.

Zikiwa kwenye soketi, zinatoka na kuingia kirahisi, na hapo ndipo watu wanaponogewa. IC yenye kasi kubwa ikiwekwa kwenye bodi ambayo haikupangwa kwa ajili yake inaweza kutetema kwa mamilioni ya mizunguko kwa sekunde. Sikio halisikii. Kidole ndicho kinachojua: IC ni ya moto bila muziki, na betri iliyodumu saa nane inaisha kwa mbili. Kila mguu wa umeme unahitaji kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu nao. Tazama pia kijishimo kinachoonyesha mguu wa kwanza. Ukiigeuza, haikupi nafasi ya pili. Weka ile ya awali kwenye sponji nyeusi ya kuzuia umeme tuli, maana siku ya kudai waranti itahitajika.

Dhana: Ikiwaka na kusikika, iko salama kwa hedifoni.

Weka mita kwenye milivolti za DC. Volyumu sifuri, mlango wa kuingilia mtupu, pini ya akiba kwenye tundu. Pima ncha ya pini kwa ardhi (sehemu ya pini iliyo karibu na mpini), kisha pete ya katikati kwa ardhi. Chini ya milivolti 10 ni nzuri, 20 inavumilika. Ikizidi 50, usichomeke hedifoni unayoipenda. Fanya hivi siku kifaa kinapofika na kila kinapoanguka. Rudia betri ikiwa karibu kuisha, kwa sababu upande mmoja wa umeme ukitangulia kuanguka DC huenda moja kwa moja kwenye hedifoni. O2 ina saketi ya kukata pande zote mbili kwa pamoja kwa sababu hiyo.

Mlio wa "dididi" simu ikiwa karibu ni mawimbi ya 2G yanayopiga mara 217 kwa sekunde. Weka simu kwenye hali ya ndege. Ukikoma, usimwandikie mtu.

Dhana: Waranti ya maisha inazidi ya mwaka mmoja.

Maisha ya nani? Karakana ya mtu mmoja huisha akiugua, akihama au akichoka. Uliza mambo yenye jibu: je, betri inauzwa peke yake? Tundu ni la modeli gani? Mchoro upo wazi? Nauli ya kurudisha ni ya nani? Kwa O2 jibu la mchoro ni ndiyo, kwa hiyo fundi redio yeyote makini anaweza kuitibu hata muuzaji akifunga duka. Bodi iliyofutwa maandishi ya IC na kumwagiwa gundi nyeusi ni waranti iliyofungwa kwenye mtu mmoja.

Sheria nayo hutofautiana. Ndani ya Umoja wa Ulaya mnunuzi ana kinga ya miaka miwili hata muuzaji asipoandika neno. Uingereza, sheria ya 2015 inampa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Marekani hakuna amri ya jumla ya kutoa waranti ya maandishi, ila mwaka 2018 tume ya biashara ya shirikisho ilizionya kampuni kuhusu stika za "ukifungua waranti imekufa". Kufungua kisanduku na kuunguza bodi ni mambo mawili.

Jambo la kuhesabu kwa kalenda: PayPal inakupa siku 180 tangu kulipa kufungua mgogoro. Mafundi wengine wana foleni ya miezi. Ukilipa kamili leo na kifaa kikafika baada ya miezi saba, dirisha limeshafungwa kabla hujakichomeka. Lipa sehemu, au subiri zamu yako ndipo ulipe.

Dhana: Asiyejibu barua ni tapeli.

Wapo matapeli. Ila mara nyingi mtu anayejibu barua ndiye anayeshika pasi, na barua ya "haifanyi kazi, nisaidie" inamlazimu kuuliza maswali manane. Yajibu kabla hajauliza, katika barua moja: namba ya oda, namba ya kifaa na toleo la bodi, ulichochomeka pande zote mbili, volti za betri, milivolti ulizopima, picha ya bodi pande mbili, na video ya sekunde 20 tatizo likitokea. Barua kama hiyo humwezesha kusema palepale kama ni tundu au ni IC, na pengine kukutumia spea ya dola mbili badala ya kudai kifaa.

Spea ikiwa betri, usimlaumu akikataa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na kwenye za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Iliyo ndani ya kifaa inapita kwa masharti mepesi. Ndiyo maana anaweza kutaka amplifaya nzima ije kwake, jambo linaloonekana la ajabu kwa betri ya dola tano. Itafute hapohapo mjini kwa zile namba sita.

Ukilazimika kutuma kutoka Afrika Mashariki, pitia forodha kabla mzigo haujaondoka, namba ya kifaa iandikwe pamoja na maelezo kwamba kinakwenda kutengenezwa, na mwambie fundi aandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya kurudishia, pamoja na gharama ya matengenezo peke yake. Bila karatasi hizo kikirudi kinahesabiwa kama kimenunuliwa upya, na ushuru unatozwa kwa bei nzima.