Manyoya meusi ya simba: yanasema nini, na kwa nini usiyaweke mfukoni

Maswali kuhusu simba dume wenye manyoya meusi shingoni yamekuwa mengi katika ofisi yetu ya wanyamapori, na sambamba nayo wapo wanaouziana vipande vya ngozi vinavyodaiwa kuleta nguvu na mvuto. Tunaona ni vyema kulitolea jambo hili ufafanuzi.

Simba huyo si aina nyingine. Na yale si sharubu. Sharubu ziko mdomoni. Ni manyoya ya shingo, na weusi wake huongezeka kadiri dume anavyokomaa, anavyoshiba na homoni zake za kiume zinavyopanda.

Mwaka 2002, watafiti Peyton West na Craig Packer walichapisha matokeo ya kazi yao ya Serengeti. Waliweka porini midoli ya simba dume yenye ukubwa wa simba halisi, mmoja manyoya meusi, mwenzake ya rangi ya mchanga, wakacheza sauti za fisi kuwavuta simba. Majike walimwendea mweusi. Madume wageni walimkwepa, wakamsogelea yule mwenye manyoya mepesi. Huo ndio uteuzi wa kijinsia: jike huchagua, mpinzani huogopa, na wenye weusi huacha watoto wengi zaidi.

Basi kwa nini madume wote wasiwe weusi? Kwa sababu ya jua. Kamera za kupima joto zilionyesha kuwa wenye manyoya meusi hupata joto zaidi; mbegu zao huwa na kasoro nyingi zaidi, na miezi ya joto hula kidogo. Hapo uteuzi wa asili, yaani mazingira kuamua nani aishi na kuzaa, unamdai dume gharama ya urembo wake. Tsavo, nchini Kenya, kwenye joto kali, madume wengi wana manyoya haba au hawana kabisa. Hawajanyolewa na mtu, kama tulivyowahi kuulizwa, wala si wagonjwa.

Sasa suala la sheria. Ngozi, kucha, meno, mafuta na hata manyoya ya simba ni nyara za Serikali, yaani sehemu za mnyamapori ambazo ni mali ya Serikali, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009. Ukikamatwa nayo bila kibali, ofisa wanyamapori huandaa hati ya uthamini, na kipande kidogo cha ngozi kwa kawaida huhesabiwa kama simba mzima aliyeuawa. Nyara ikizidi thamani ya shilingi milioni moja, adhabu inaweza kuwa kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kusema "nilipewa na babu" si kibali. "Ni kwa ajili ya dawa" nayo si kibali.

Ukikuta mzoga wa simba, usiukate wala usichukue unywele wa ukumbusho. Toa taarifa bila kukawia kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kituo cha askari wa wanyamapori au polisi, ueleze mahali ulipouona na saa. Anayetoa taarifa hatuanzi kwa kumpekua.